Umefunga Mangapi?

Miaka yote niliyocheza mpira Uswidi, mjomba wangu wa Makorora, Tanga, alikuwa na swali moja kila tulipopigiana simu: "Mjomba, umefunga mangapi?" Alijua vizuri kwamba mimi ni beki wa kati. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye timu ya mtaa, na ndiye aliyeniambia nisimame nyuma kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wenzangu na sikuogopa kupiga vichwa. Lakini kijiweni alihitaji jibu la kuwapa wenzake, na kazi ya beki haina jibu fupi la namna hiyo. Beki akifanya kazi yake sawasawa, hakuna cha kusimulia: krosi haikumfikia mtu, pasi ya kupenyeza haikupigwa, straika wa upande wa pili ametolewa dakika ya 70 bila kugusa mpira ndani ya eneo la hatari. Nani atasimama kijiweni kuyaeleza hayo?

Nalikumbuka swali hilo sana siku hizi kwa kuwa nafundisha watoto, na kila msimu hujitokeza kijana wa nyuma aliyeahidiwa safari. Ushauri anaopewa ni ule wa washambuliaji: nenda timu yenye jina, uonekane, mengine yatakuja. Kwa beki, ushauri huo unaua kipaji. Beki kijana anayekwenda nje anahitaji vitu viwili kuliko jina la klabu: dakika za kucheza, na mwenzake wa kusimama naye pale nyuma kwa muda wa kutosha mpaka wajuane. Hilo nimeliishi, na nikitazama mabeki wa ukanda wetu waliofika mbali naliona vilevile.

Niliondoka mwaka 2014 nikiwa na miaka 20. Timu iliyonipokea ilikuwa ya ligi ya tatu, ambayo wakati ule iligawanywa makundi mawili, kaskazini na kusini, na ilikuwa katika mji mdogo wa viwanda vya mbao, mbali kidogo kaskazini ya Stockholm. Wengi wa wachezaji walikuwa na kazi zao mchana. Kulikuwa na mwalimu wa shule, dereva wa lori, na fundi umeme ambaye nitamtaja tena. Mazoezi yalikuwa jioni, na kwa miezi ya mwanzo neno jioni halikuwa na maana kwangu, kwa sababu mwezi wa Disemba giza lilikuwa limeshaingia saa tisa alasiri.

Wakala aliyenitafutia majaribio alikuwa amenitengenezea video. Ilikuwa nzuri sana kuitazama. Ndani yake nateleza chini na kuufagia mpira miguuni mwa winga, nainuka, jukwaa linalipuka. Nateleza tena, nainuka tena. Kocha aliniita ofisini siku ya pili ya majaribio, akaiwasha, na kila nilipokaribia kuteleza akaisimamisha na kuirudisha nyuma kidogo. Mchezaji mwenzetu kutoka Gambia alikuwa ananitafsiria. Kocha hakuuliza chochote kuhusu mpira nilioufagia. Aliuliza: "Sekunde nne kabla ya hapa, ulikuwa umesimama wapi, na ulikuwa unamtazama nani?"

Tulikaa mle ndani muda mrefu. Alinionyesha kwamba katika karibu kila kipande nilikuwa nimeukabili mpira kifua wazi, miguu sambamba, hivyo winga alipokata kwenda nyuma yangu nililazimika kugeuka mwili mzima kabla ya kukimbia. Kama ningesimama upande, mguu mmoja nyuma, na kuigeuza shingo mara kwa mara kutazama begani, pasi ile isingepigwa kabisa, kwa sababu mpigaji angeona njia imefungwa. Kwa kocha yule kuteleza kulikuwa dalili kwamba beki amechelewa, na video yangu yote ilikuwa mkusanyiko wa nyakati nilizochelewa na kujiokoa kwa miguu mirefu. Alinichukua kwa sababu ya jambo ambalo wakala hakulijali: kwenye mechi ya majaribio, mpira ulipokuwa upande wa pili wa uwanja, mimi nilikuwa bado natembea na laini. Nilisogea hatua tatu mbele, hatua mbili nyuma, wakati hakuna mtu anayenitazama.

Sikuichukulia aibu tabia ile ya kuteleza, na sitaki kijana yeyote wa kwetu aionee aibu, maana ina sababu zake. Nimekulia kwenye viwanja vya mchanga na changarawe, ambako mpira hauviringiki, unarukaruka. Kwenye uwanja kama huo hakuna anayeweza kutabiri pasi itafika vipi, hivyo beki mwenye akili huenda mapema na kuweka mwili. Halafu kuna ndondo, michuano ya mitaani. Mechi za ndondo humlipa anayewainua watu vitini, na beki huwainua watu kwa kumfagia mtu pamoja na mpira. Uwanja na watazamaji wetu walinifundisha beki wa aina fulani, na aina hiyo ilinisaidia kwelikweli pale. Kwenye nyasi bandia za Uswidi, ambako mpira unateleza haraka na kwa unyoofu, aliyeamua mapema mahali pa kusimama hupata kila kitu. Ilibidi nijifunze upya. Makocha wetu wanaweza kulianza somo hilo hapa hapa nyumbani, mtoto akiwa bado na miaka 11, hata kwenye mchanga, kwa kumsimamisha tu na kumuuliza: ulikuwa unamtazama nani?

Baridi nitaipitia haraka, kwa kuwa kila aliyekwenda huko ameshaisimulia. Ligi ya Uswidi huanza majira ya kuchipua na kwisha vuli, kwa hiyo Januari hadi Machi ni maandalizi, na theluji husukumwa kwa trekta mpaka pembeni mwa uwanja ili watu wafanye mazoezi. Magoti yanauma. Unazoea.

Ambalo halizoeleki kirahisi ni sauti. Mshambuliaji anaweza kwenda nchi ya watu, asijue neno moja, na akafunga. Winga vilevile: mpe mpira mguuni, njia ataitafuta mwenyewe. Beki wa kati hawezi kucheza kimya. Yeye na kipa ndio wanaouona uwanja wote mbele yao, na kazi yao kubwa ni kuwaambia wengine wanachokiona. Maneno yenyewe ni machache: panda, shuka, yuko mgongoni, wangu, una muda. Niliyajua yote kwa Kiswidi kabla mwezi wa kwanza haujaisha. Kuyajua hakukunisaidia, kwa sababu yalikuwa hayatoki.

Sababu ilikuwa ya malezi. Fundi umeme niliyemtaja ndiye aliyekuwa beki mwenzangu wa kati. Alikuwa na miaka 34, ana watoto wawili, ameshacheza mechi nyingi kuliko timu yote ya kwetu ukitujumlisha. Mimi nilitoka katika nyumba ambayo mtu wa umri wake unamwamkia shikamoo, unampisha kiti, na kama amekosea unatafuta mtu mwingine mzima wa kumwambia. Sasa natakiwa nimpigie kelele mbele ya watazamaji, "Shuka! Shuka!", tena kwa ukali, maana kwa upole hatasikia. Koo lilikuwa linakauka. Nilikuwa namwona straika anajipenyeza nyuma yake, najua, neno ninalo, na badala ya kulisema nakimbia mwenyewe kwenda kuziba, nikiacha wazi upande wangu.

Yeye ndiye aliyeutambua ugonjwa. Baada ya mazoezi fulani alinikalisha kwenye gari lake, akaniuliza taratibu kwa Kiingereza kama nyumbani kwetu vijana huruhusiwa kuwaamuru wakubwa. Nikamwambia hapana. Akafikiri, kisha akaniambia kwamba kwake yeye heshima ni kumwambia kabla hajaumbuka. Nikinyamaza namwona anafungwa goli, nimemwacha afedheheke mbele ya watoto wake waliokaa jukwaani. Tangu siku hiyo nililielewa jambo lile kwa namna ambayo ningeweza kuibeba: kumpigia kelele mkubwa wangu uwanjani ni kumsitiri. Kufikia katikati ya msimu sauti yangu ilikuwa inasikika mpaka maegesho ya magari.

Hapo ndipo nilipoona maana ya kucheza na mtu mmoja kwa muda mrefu. Mwanzoni tulihitaji maneno kwa kila kitu. Baadaye nilijua kwamba akiinua mkono wa kushoto kidogo anataka laini ipande, kwamba hapendi mpira wa juu ukiwa na jua usoni hivyo huo ni wangu, kwamba dakika ya 80 miguu yake inachoka na inabidi nisimame hatua mbili nyuma yake. Yeye alijua nikichelewa kugeuka kulia. Hakuna kocha anayeweza kukuandikia hayo ubaoni, yanakuja kwa mechi baada ya mechi. Ndiyo maana siwalaumu haraka mabeki wa timu za taifa. Tarehe 27 Juni 2019, mjini Cairo, Taifa Stars iliongoza mara mbili dhidi ya Kenya kwenye AFCON na ikafungwa 3-2, na watu wa vijiweni waliwatukana mabeki kwa wiki nzima. Mabeki wa timu ya taifa hukutanishwa kwa siku chache wakitoka klabu tofauti, kisha tunawataka waelewane kama ndugu waliolala chumba kimoja.

Mwisho wa msimu wa pili yule wakala alikuja na habari. Klabu kubwa zaidi, ya nchi nyingine, ilikuwa inatafuta beki kijana wa kuongeza kwenye kikosi. Mshahara ungeongezeka, jina lingesikika mpaka Tanga. Nilimuuliza maswali ambayo fundi umeme alinipa: mabeki wa kati waliopo ni wangapi, wana umri gani, mikataba yao inaisha lini, nani amekuwa majeruhi? Walikuwa wanne, wote chini ya miaka 28, wote wazima. Nikakataa. Wakala alikasirika na hatukuendelea pamoja. Nilibaki na timu yangu ndogo msimu mmoja zaidi nikicheza karibu kila wiki, kisha nikachukuliwa na timu ya ligi ya pili iliyokuwa imempoteza beki wake. Nilianza mechi ya kwanza. Mwenzangu mmoja wa Afrika Magharibi, beki pia, alikubali safari inayofanana na ile niliyoikataa, na kwa misimu miwili kazi yake ilikuwa kupasha misuli moto pembeni mwa mstari. Alikuwa bora kuliko mimi. Nalisema hilo kwa uchungu.

Benchi la beki si benchi la mshambuliaji. Timu ikihitaji goli, kocha humwingiza straika kijana dakika ya 75, na dakika hizo 15 zinaweza kubadilisha maisha yake. Beki wa kati huguswa mara chache sana katikati ya mechi, labda aumie au apewe kadi nyekundu. Timu ikishinda bila kufungwa, ndiyo kabisa, laini ya nyuma haichezewi. Kwa hiyo beki namba tatu wa klabu kubwa anaweza kumaliza mwaka mzima akiwa na afya, nidhamu na mshahara, na asiwe amejifunza kitu ambacho hufundishwa na mechi peke yake.

Mtazame Joseph Okumu, mtoto wa Kisumu aliyezaliwa 1997. Alipitia Chemelil Sugar, Free State Stars ya Afrika Kusini, kisha Real Monarchs, timu ya pili ya Real Salt Lake kule Utah, Marekani. Baada ya AFCON ya 2019 alikwenda Elfsborg ya mji wa Borås, Uswidi; 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji; 2023 Reims ya Ufaransa. Kila ngazi aliikanyaga kabla ya kupanda inayofuata. Erick Ouma, beki wa kushoto ambaye Wakenya humwita Marcelo, alitoka Gor Mahia akapitia Georgia, Albania na Vasalund ya Uswidi kabla ya AIK ya Stockholm. Nani alikuwa anafuatilia matokeo ya Georgia? Yeye alikuwa anacheza.

Na Virgil van Dijk, ambaye picha yake imebandikwa kwenye bajaji za Tanga, alianzia Groningen, akaenda Celtic, kisha Southampton, na Liverpool walipomnunua kwa pauni milioni 75 mnamo Januari 2018 alikuwa na miaka 26. Beki huiva kwa kuchelewa. Macho yanahitaji kuona makosa mengi kabla hayajajua kuyatabiri. Kijana wa miaka 21 anayeambiwa "wenzako wameshatoka" anapotoshwa.

Naikumbuka pia safari ya Shomari Kapombe. Mwaka 2013 alikwenda AS Cannes ya Ufaransa, klabu ambayo Zidane alianzia, ingawa wakati huo ilikuwa madaraja ya chini. Mwaka uliofuata alirudi na kujiunga na Azam, baadaye Simba, na kwa miaka mingi akawa miongoni mwa mabeki wa kulia wanaotegemewa zaidi nchini. Vijiweni walisema ameshindwa Ulaya. Mimi naiona tofauti: beki aliyerudi mahali anapocheza kila wiki, mashindano ya Afrika yakiwemo, hakushindwa kitu. Tena kucheza nje si Ulaya pekee. Joash Onyango alitoka Gor Mahia kuja Simba mwaka 2020, naye alikuwa anacheza nje. Henock Inonga, Mkongo, alicheza Dar es Salaam, akawa kwenye kikosi cha DR Congo kilichofika nusu fainali ya AFCON nchini Ivory Coast mapema 2024, na mwaka huohuo akaenda FAR Rabat ya Morocco. Dar es Salaam ilimpa mechi ngumu na uwanja uliojaa. Kuna klabu za Ulaya zisizoweza kumpa beki hivyo viwili.

Habari za fedha nitazisema kidogo, kwa kuwa zinaumiza familia. Ligi ya tatu hailipi utajiri. Ukishatoa kodi ya serikali, pango, nguo za baridi na nauli, kinachobaki unakigawa, na nyumbani wanaamini umeficha. Nilifanya jambo moja lililonisaidia: nilimtumia mama karatasi ya mshahara, yenye makato yote, nikampigia simu tukaisoma pamoja mstari kwa mstari. Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiwajibu ndugu.

Nilirudi mwaka 2019 na sasa nasaidia kituo cha soka cha watoto mjini Tanga. Katika kazi hii nimegundua kwamba timu ya mtaa iliyonilea haikupata hata senti kutokana na safari zangu, na sababu haikuwa wizi. Sababu ilikuwa karatasi. Kanuni za FIFA zinataka klabu zilizomfundisha mchezaji kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 mpaka ule anaotimiza 21 zilipwe fidia ya mafunzo, na mchezaji akiuzwa akiwa ndani ya mkataba, asilimia 5 ya ada igawanywe kwa klabu zilizomlea. Kwa ada ya euro milioni moja, hiyo ni euro 50,000. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kukusanya na kugawa malipo hayo, kikitegemea pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani orodha ya kila klabu aliyosajiliwa. Tatizo ni lile neno kusajiliwa. Kwenye kumbukumbu zangu za usajili miaka yote ya mchanga wa Makorora haipo. Ni kama nilizaliwa nikiwa na miaka 17.

Kanuni hizohizo zinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, na tangu 2023 wakala lazima awe na leseni aliyoipata kwa mtihani wa FIFA. Mzazi anayejua mambo hayo mawili anaweza kumfukuza mlangoni mtu anayekuja na ahadi kwa mtoto wa miaka 15.

Kwa hiyo msimu huu tunasajili kila mtoto wa kituo aliyefikisha miaka 12, mabeki kwa washambuliaji, kwa jina lake kamili na tarehe yake ya kweli. Wazazi wengi wameleta vyeti vya kuzaliwa. Wachache wanasita, kwa sababu kuna mtu amewaambia kwamba umri ukiandikwa mapema hauwezi tena kupunguzwa baadaye. Mmoja ni baba wa beki wa kushoto mwenye miaka 13, mtoto anayegeuza shingo kila baada ya hatua chache bila kufundishwa na mtu. Nimeshazungumza naye dukani kwake, akaniambia atafikiri. Alhamisi nitakwenda tena, safari hii na mama yake mtoto, ambaye cheti anacho.